Mwongozo Kamili wa Kushiriki Mashindano ya Sumo ya Ridhaa Nje ya Japani

Mpambano mmoja wa sumo, mieleka ya Kijapani ambamo anayetoka nje ya duara au kugusa chini kwa kiungo chochote isipokuwa unyayo hushindwa, kwa kawaida humalizika ndani ya sekunde chache, na anayepambana kwa mara ya kwanza mara nyingi hujikuta nje ya ulingo kabla hajatambua kilichomtoa. Kwa sababu hiyo, sehemu kubwa ya mashindano haya huamuliwa kabla mwamuzi hajatamka amri ya kuanza: katika kuchagua shindano linalokufaa, katika mizani, katika namna nguo ilivyofungwa kiunoni, na katika hatua ile ya kwanza ya kuinuka na kukutana na mpinzani ambayo Wajapani huiita tachiai. Mwongozo huu unafuata mpangilio huohuo. Umeandikwa kwa ajili ya mtu mzima, mwanamume au mwanamke, anayetaka kushiriki sumo ya ridhaa katika nchi kama Marekani, Uingereza, Estonia, Polandi au Brazili, awe tayari anaishi huko au anakusudia kusafiri kutoka Afrika Mashariki au Ghuba.

Mchezo unaouingia si ule wa kwenye televisheni

Sumo ya kulipwa ipo Japani peke yake. Ina mashindano makuu 6 kwa mwaka, kila moja likichukua siku 15, haina madaraja ya uzito, na wanawake hawaruhusiwi kukanyaga ulingo wake. Sumo ya ridhaa inasimamiwa na Shirikisho la Kimataifa la Sumo, lililoundwa mwaka 1992, mwaka uleule ambao ubingwa wa dunia wa ridhaa ulifanyika kwa mara ya kwanza mjini Tokyo. Wanawake walipata ubingwa wao wa dunia mwaka 2001, katika mji wa Hirosaki. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliutambua mchezo huu kikamilifu mwaka 2018, ingawa bado haujaingizwa katika Olimpiki yenyewe; jukwaa kubwa zaidi lililokuwa wazi kwake mbali na ubingwa wa dunia ni Michezo ya Dunia (World Games), mashindano ya michezo isiyo katika Olimpiki, ambako sumo ilishindaniwa rasmi kuanzia Duisburg mwaka 2005 na bado ilikuwapo Birmingham, katika jimbo la Alabama, mwaka 2022.

Tofauti nyingine zinamhusu mshiriki moja kwa moja. Hakuna chumvi inayotupwa ulingoni, hakuna nywele za kufungwa utosini, na mwamuzi huvaa shati na suruali nyeupe na tai ya kipepeo nyeusi badala ya joho la hariri. Waamuzi ni 6 kwa jumla: mkuu wa jopo, mwamuzi wa ulingoni, na wanne wanaokaa pembeni. Lililo kubwa kuliko yote ni kwamba katika sumo ya kulipwa wapambanaji wawili huanza kwa kuafikiana wao wenyewe, ilhali katika sumo ya ridhaa wote wawili huweka mikono chini na kusubiri amri ya mwamuzi. Anayejifunza kwa kutazama video za wakubwa wa Tokyo huikosa nukta hii, naye huadhibika kwa kuanza mapema.

Hatua ya kwanza: chagua shindano la kiwango chako

Mashindano ya nje ya Japani yako katika ngazi tatu. Ngazi ya chini ni yale ya vilabu na miji, ambako pengine watu 15 au 20 hukutana katika ukumbi wa shule au ukumbi wa judo, na ada ya kushiriki huwa ndogo. Ngazi ya kati ni mashindano ya wazi, ambayo mtu hujiandikisha mwenyewe bila kupitia chama cha taifa. Linalojulikana zaidi ni US Sumo Open, lililoanza mwaka 2001 na kuendelea kufanyika kusini mwa California. Humo mfanyakazi wa ofisini aliyefanya mazoezi mwaka mmoja anaweza kupangiwa bingwa wa dunia kutoka Mongolia katika mpambano wake wa kwanza, na hakuna anayeona ajabu. Ngazi ya juu ni ubingwa wa bara na ubingwa wa dunia, ambako jina lako lazima lipelekwe na shirikisho la nchi ambayo wewe ni raia wake.

Ushauri wangu ni kuanzia ngazi ya chini hata kama mwili wako ni mkubwa na umewahi kushinda katika judo au mieleka ya aina nyingine. Katika shindano la klabu utapata mipambano minne au mitano kwa siku moja, na idadi hiyo inafundisha zaidi kuliko safari ya gharama inayoishia katika mipambano miwili ya sekunde nne nne.

Inafaa pia kujua mchezo umeota mizizi wapi, kwa maana huko ndiko kuna walimu. Brazil iliupokea kutoka kwa wahamiaji wa Kijapani walioanza kufika mwaka 1908, na mjini São Paulo, katika mtaa wa Bom Retiro, kuna ukumbi wenye ulingo wa kudumu. Ulaya Mashariki ndiyo ngome ya pili: Polandi ina mji wa Krotoszyn, Estonia ina Rakvere, na Ukraine imetoa mabingwa wengi, wanaume kwa wanawake. Si jambo la bahati kwamba wapambanaji wa kulipwa kama Kotooshu kutoka Bulgaria na Baruto kutoka Estonia walitokea upande huo, au kwamba Aonishiki wa Ukraine alikuwa tayari amesimama kwenye jukwaa la medali la ubingwa wa dunia wa vijana mwaka 2019, miaka kadhaa kabla ya kuanza kulipwa. Afrika nayo ina wake: Osunaarashi alianzia sumo ya ridhaa nchini Misri, na mwaka 2012 akawa mtu wa kwanza kutoka bara hili kuingia katika sumo ya kulipwa.

Ikiwa nchi yako haina chama cha sumo, usiunde chama cha karatasi ili upate mwaliko. Shiriki kwanza mashindano ya wazi, jenga kundi dogo la mazoezi, kisha wasiliana na shirikisho la kimataifa ukiwa na watu halisi na matokeo ya kuonyesha.

Hatua ya pili: amua uzito wako na uache kuupigania

Madaraja ya asili kwa wanaume ni uzito mwepesi usiozidi kilo 85, uzito wa kati usiozidi kilo 115, na uzito wa juu unaopita hapo. Kwa wanawake mipaka ni kilo 65 na kilo 80. Juu ya hayo kuna uzito huria, ambao unawaruhusu wote. Mashindano mengi ya siku hizi yameongeza madaraja ya katikati, kwa hiyo soma tangazo la shindano husika kabla hujapanga lolote, na uangalie pia kama mizani ni jioni ya siku iliyotangulia au asubuhi ya siku yenyewe.

Wapo wanaojinyima maji na chakula ili washuke daraja moja. Kwa mshiriki mpya huo ni upotevu mtupu. Sumo ya ridhaa hudai nguvu ya ghafla, tena mara nyingi ndani ya saa chache, na mwili uliokaushwa maji hauna nguvu hiyo. Kilo mbili ulizozitupa hazikupi faida yoyote juu ya mtu aliyelala vizuri na kunywa uji asubuhi. Kuna hatari nyingine isiyosemwa sana: shirikisho la kimataifa linafuata kanuni za dunia za kupambana na dawa zilizopigwa marufuku michezoni, na dawa za kuongeza mkojo, ambazo baadhi ya watu hununua dukani ili wapungue haraka, zimepigwa marufuku wakati wote, si siku ya shindano tu. Anayezitumia kwa shinikizo la damu kwa maagizo ya daktari anapaswa kuomba kibali cha matibabu mapema.

Usidhani kwamba mwili mkubwa ni sharti. Ni kweli kwamba Mmarekani Emanuel Yarbrough, ambaye uzito wake ulipita kilo 300, alitwaa ubingwa wa dunia wa uzito huria mwaka 1995, na picha zake ndizo zilizowafanya wengi waamini kwamba mchezo ni wa majitu. Hata hivyo, mipambano ya kilo 85 ndiyo yenye kasi na ufundi mwingi zaidi wa kutazama. Shindano likiruhusu, jiandikishe katika daraja lako na katika uzito huria pia. Gharama ya nyongeza ni ndogo, nawe utajifunza namna ya kusimama mbele ya mtu anayekuzidi kilo 50.

Hatua ya tatu: tengeneza mahali pa mazoezi

Ulingo wa sumo ni duara lenye kipenyo cha mita 4.55. Nje ya Japani, mashindano mengi hutumia mkeka maalumu badala ya udongo ulioshindiliwa, na ukingo wa duara huinuka kidogo kuiga kamba ya majani ya mpunga iliyozikwa nusu ardhini. Kama huna klabu karibu, chukua kamba yenye urefu wa mita 2 na sentimita 27 na nusu, ishikilie ncha moja katikati na uzungushe nyingine kuchora duara. Panaweza kuwa juu ya mikeka ya judo, nyasi zilizokatwa, au mchanga wa ufukweni uliolowa baada ya maji kupwa. Mchanga mkavu haufai, kwa sababu mguu huzama na unashindwa kuteleza. Kisha chora mistari miwili ya kuanzia katikati, iachane kwa sentimita 70.

Mazoezi ya msingi ni manne, na hayahitaji kifaa chochote. Shiko ni kusimama miguu ikiwa imepanuliwa, kuinua mguu mmoja juu taratibu, kuushusha na kuchuchumaa. Suriashi ni kutembea katika mchuchumao nyayo zikiteleza juu ya ardhi bila kuinuka. Teppo ni kusukuma nguzo kwa mkono na mguu wa upande mmoja kwa wakati mmoja. Matawari ni kukaa chini na kupanua miguu hadi kifua kikaribie kugusa sakafu, jambo litakalokuchukua miezi mingi, na lisiharakishwe kwa mtu mwingine kukukandamiza mgongoni. Kati ya hayo, suriashi ndilo linaloleta faida ya haraka zaidi kwa mtu mzima anayeanza, kwa kuwa sehemu kubwa ya kushindwa hutokana na unyayo kuwa hewani wakati usiofaa.

Pamoja na hayo unahitaji mwenzako wa kusukumana naye. Mmoja husimama na kifua wazi, mwingine humvamia na kumsukuma kutoka upande mmoja wa duara hadi mwingine, kisha hubingirishwa chini na kuinuka tena. Zoezi hili huchosha mno, na ndilo linalokufundisha kuanguka kwa kubingirika. Wengi hunyoosha mkono ili kujizuia. Katika sumo mkono huo unakupotezea mpambano, na usipokupotezea mpambano unaweza kukuvunja kifundo.

Hatua ya nne: jenga tachiai moja tu

Hapa ndipo muda wako mwingi utumike. Chuchumaa nyuma ya mstari wako, miguu ikiwa imepanuka kidogo kupita mabega, makalio yakiwa chini, uzito ukiegemea sehemu ya mbele ya nyayo, kiasi kwamba karatasi ingeweza kupita chini ya visigino. Weka ngumi zote mbili sakafuni. Tazama kifua cha mpinzani, si macho yake. Amri ya mwamuzi ya kuanza, hakkeyoi, ikitoka, sukuma kwa miguu yote miwili, na unyayo wa kwanza usonge nusu hatua tu. Anayerusha hatua ndefu hubaki na mguu mmoja hewani wakati mwenzake tayari ameshatua miwili.

Kosa la kawaida ni kuinuka badala ya kwenda mbele. Mtu huondoka akiwa chini, kisha katika hatua ya pili mgongo unanyooka, kifua kinajitokeza, na mpinzani anapata mahali pa kuweka viganja vyake. Dawa yake ni kubana kwapa. Ukibana viwiko kwenye mbavu na kupeleka mikono kutoka chini kwenda juu, mabega hayawezi kuinuka hata ukitaka, na mikono ya mpinzani inabaki nje ya yako. Jaribu mbele ya kioo au umwombe mtu akupige video kwa upande: kiuno chako kisipande zaidi ya upana wa kiganja katika hatua tatu za kwanza.

Namna ya kukutana na mpinzani ina suala la usalama ambalo vilabu vingi vya nje ya Japani sasa vinalichukulia kwa uzito. Kugonganisha paji la uso ni desturi ya kale, lakini mtu anayekwenda kazini Jumatatu hana sababu ya kuzoea mtikisiko wa ubongo. Jifunze kupokea kwa bega na kifua huku kidevu kikiwa kimebanwa, na usiinamishe kichwa ukatazama sakafu, kwa sababu shingo iliyopinda ndiyo inayoumia, tena mpinzani akisogea pembeni utaanguka kifudifudi.

Zoezi la amri lifanywe kwa utaratibu maalumu. Mwombe mwenzako atamke hakkeyoi baada ya vituo visivyolingana: mara moja baada ya mikono kugusa chini, mara nyingine baada ya sekunde mbili au tatu. Ukizoea kituo cha aina moja, mwili utaondoka kwa mazoea, na katika shindano utaitwa nyuma kwa kuanza kabla ya amri, jambo linalovunja utulivu wako zaidi kuliko unavyodhani.

Baada ya mgongano una njia mbili, kusukuma kwa viganja au kukamata mkanda wa mpinzani, yaani nguo yake ya kiunoni, na kumbeba au kumtupa. Orodha rasmi ya mbinu za ushindi ina majina 82, lakini wewe unahitaji mbili: kumsukuma mtu nje kwa mikono, na kumtembeza nje ukiwa umeshika mkanda wake. Kusogea pembeni wakati wa kuanza ili mpinzani apite na kuanguka kunaruhusiwa. Mimi simshauri mwanafunzi mpya afanye hivyo, kwa sababu moja tu: ukishinda kwa hila hiyo mara mbili, utaacha kujifunza kwenda mbele.

Waliotoka katika michezo mingine wajihadhari na mazoea yao. Mchezaji wa judo hupenda kupiga goti anapotupa, na mwanamieleka wa mtindo huru hupiga goti anapoingia miguuni. Katika sumo goti likigusa tu, mpambano umekwisha. Kupiga ngwala kunaruhusiwa, na mtu aliyecheza mieleka ya kijijini huwa na ngwala nzuri, ila aanze kwanza kusukuma, kwa kuwa ngwala inayopigwa na mtu anayerudi nyuma humwangusha mwenyewe.

Hatua ya tano: mawashi

Vazi la sumo ni kitambaa kimoja kirefu. Kanuni za kimataifa zinataka upana wa sentimita 40 hadi 50, na urefu unaoweza kuzunguka kiuno mara 4 hadi 5. Kwa mtu wa kawaida hiyo ni kama mita 6 hadi 8. Kitambaa ni pamba nzito na ngumu. Merikani ya kawaida ni nyepesi mno, hujikunja na kuwa kama kamba inayokata ngozi, kwa hiyo tafuta kanvasi ya pamba ya kushonea mahema, nyeupe, isiyochanganywa na nailoni. Mashindano mengi huruhusu wanaume kuvaa kaptura nyeusi ya kubana chini ya mawashi, na wanawake huvaa vazi la kubana la mazoezi ndani yake, basi yule anayesitasita kwa ajili ya staha hana sababu ya kujizuia.

Kufunga kunahitaji watu wawili. Kunja kitambaa kwa urefu mara mbili, kiwe na tabaka nne. Mvaaji husimama akiwa amepanua miguu, hushika ncha ya mbele iliyofunguliwa na kuibana chini ya kidevu, huku sehemu ndefu ikipita katikati ya miguu kwenda nyuma. Msaidizi huivuta juu kwa nguvu hadi mvaaji akaribie kusimama kwa vidole, kisha kitambaa hupindwa kuzunguka kiuno na kupita mbele juu ya ile ncha inayoshikiliwa na kidevu. Baada ya mzunguko wa kwanza ncha huachiwa, hushushwa na kukunjwa ndani. Kuanzia hapo mvaaji ndiye anayejizungusha, akikanyaga taratibu kuelekea kwa msaidizi, naye msaidizi huegemea nyuma kwa uzito wake wote ili kila tabaka likaze. Mwishoni ncha hupitishwa nyuma, chini ya tabaka zote kwenye sehemu ya wima, huvutwa juu na kufungwa fundo.

Kipimo cha ufungaji mzuri ni kwamba vidole vya msaidizi vinaingia kwa taabu. Mawashi iliyolegea humpa mpinzani mshiko mrefu, na ikifunguka ikaanguka mbele, mvaaji amepoteza mpambano hapohapo. Usijifunze jambo hili asubuhi ya shindano. Kuhusu usafi, sabuni hulainisha kitambaa na kukiharibia ukakamavu wake, kwa hiyo wengi huisugua kwa brashi na maji matupu na kuianika juani. Ukiazima ya klabu, vaa kaptura chini yake.

Hatua ya sita: karatasi na safari

Mtu wa Tanzania, Kenya au Uganda anayekwenda kushindana Estonia au Polandi anahitaji viza ya Schengen, ambayo tangu Juni 2024 ada yake ni euro 90 kwa mtu mzima. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 hadi siku 15 kabla ya safari, na bima ya safari yenye kinga ya angalau euro 30,000 ni sharti. Waandaaji wakuandikie barua ya mwaliko inayotaja tarehe, ukumbi, na nani anagharamia malazi. Uingereza ina viza yake tofauti. Aliye mkazi wa Oman au nchi nyingine ya Ghuba huomba kupitia ubalozi wa huko anakoishi.

Soma bima yenyewe kwa makini. Bima nyingi za safari hazilipii jeraha lililopatikana katika mashindano ya michezo ya kugusana, na goti lililochanika huko ugenini ni gharama isiyo na mfano. Nunua nyongeza ya michezo hata kama ubalozi hauihitaji.

Hatua ya saba: siku ya shindano

Fika mapema upime uzito, umwone daktari kama yupo, na utafute jina lako katika droo. Kata kucha za mikono na miguu. Pete, mkufu, hereni na miwani havikubaliki. Nywele ndefu zifungwe bila pini za chuma. Bandeji ya goti au kidole kwa ajili ya jeraha kwa kawaida inaruhusiwa, lakini mwonyeshe mwamuzi kabla. Jua pia mfumo wa shindano: kundi dogo hucheza kila mmoja na kila mwenzake, na kundi kubwa hucheza mtoano wenye nafasi ya kurudi kugombea shaba kwa walioshindwa na waliofika fainali. Kwa hiyo usivue mawashi baada ya kupoteza mpambano mmoja. Wengi wameipoteza medali ya shaba wakiwa bafuni, kwa kuwa anayeitwa na asitokee huhesabiwa ameshindwa. Katika mashindano ya timu watu huwa 3, na mpangilio wao hutangulia kuandikwa, hivyo usibadilishe nafasi na mwenzako kwa maelewano ya pembeni.

Ulingoni utaratibu ni mfupi. Unainama kidogo kumwelekea mpinzani, unachuchumaa kwenye vidole mgongo ukiwa umenyooka, unasugua viganja, unapiga makofi mara moja, kisha unafungua mikono kando na kugeuza viganja chini kuonyesha kwamba hukuficha silaha. Kisha unasogea kwenye mstari. Watu wazima hupewa dakika 5, na muda ukiisha bila mshindi mpambano hurudiwa, ingawa jambo hilo ni nadra sana. Usipige ngumi, usivute nywele, usikabe koo, usipinde vidole, usipige teke la tumbo au kifua, na usishike sehemu ya wima ya mawashi inayopita kati ya miguu.

Ukingoni ndiko mipambano mingi ya wageni hupotea bila sababu. Kukanyaga juu ya kamba bado ni ndani. Kisigino kikigusa nje yake umetoka, na waamuzi wa pembeni wanatazama hapo tu. Ukimsukuma mtu hadi mpakani, shusha kiuno na uende hatua mbili zaidi, kwani wengi hulegea wakidhani wameshinda na kugeuzwa hapohapo. Lakini pia angalia mguu wako mwenyewe: ukikanyaga nje kwa pupa kabla mpinzani hajatoka, ushindi ni wake.

Matokeo yakitangazwa, wote wawili hurudi upande wao na kuinamiana. Aliyeshindwa hutoka, mshindi huchuchumaa na kusubiri mwamuzi amwelekeze mkono na kumtangaza. Kurukaruka, kupiga kelele au kujipiga kifua mbele ya mpinzani huonekana ni utovu wa adabu, na waamuzi wengine hulikemea waziwazi. Kama matokeo yana utata, mkuu wa jopo huwaita wenzake wajadiliane. Wewe unasimama kimya, na kocha wako pia.

Baada ya shindano

Muulize mmoja wa waamuzi, kwa adabu na baada ya ratiba kwisha, jina la mbinu iliyokushinda, kwa maana wao huliandika na kwa kawaida hufurahi kueleza. Goti lililovimba lipumzishwe hadi uvimbe uishe kabisa kabla ya kurudi kwenye shiko. Aliyepata maumivu ya kichwa, kichefuchefu au kizunguzungu baada ya mgongano asirudi ulingoni siku hiyo hata kama amebakiza fainali, na asifanye tachiai tena hadi daktari amruhusu. Hifadhi nakala ya matokeo rasmi na cheti cha ushiriki, kwa sababu chama cha taifa kitakapochagua timu ya ubingwa wa bara, hizo ndizo karatasi kitakazokuomba.